Mara Kaskazini katika historia ya kutabiri saratani

Mwalimu Julius Nyerere alifariki dunia tarehe 14 Oktoba 1999 katika Hospitali ya Mtakatifu Thomas jijini London, akiugua saratani ya damu. Siku iliyofuata, taifa likiwa bado halijaupokea mwili wake, jarida la Science la Marekani lilichapisha makala ya Todd Golub, Eric Lander na wenzao kuhusu magonjwa ya jamii hiyo hiyo. Walichukua uboho wa wagonjwa 38 wa saratani ya damu ya ghafla, wakapima utendaji wa maelfu ya jeni kwa pamoja, kisha wakaiachia kompyuta izipange sampuli bila kuambiwa ipi ni ipi. Kompyuta ikazigawa katika makundi yaliyolingana kwa karibu sana na yale ambayo madaktari walihitaji miongo mingi ya hadubini kuyatambua. Jeni 50 zilitosha kutabiri mgonjwa mpya angeangukia kundi gani.

Makala ile isingemwokoa Mwalimu. Saratani yake ilikuwa ya aina isongayo taratibu, na utafiti wenyewe ulikuwa bado haujatoka maabara. Ni sadfa ya kalenda, basi. Hata hivyo inanipa mahali pa kuanzia, kwa sababu mkoa uliomzaa Mwalimu ulikuwa umekwisha kutoa wana wengine kwa elimu ya saratani, watoto wadogo wasiotajwa popote, tangu miaka ya 1960. Habari zao hazifundishwi katika shule zetu, na sidhani kama zinajulikana katika ofisi nyingi za mkoa huo. Nimeona niziandike.

Tuanze na maana. Kila seli ya mwili ina vinasaba vile vile, ya jicho sawa na ya ini. Kinacholitofautisha jicho na ini si jeni zilizomo bali ni jeni zinazofanya kazi. Mtumishi wa halmashauri atanielewa upesi: masijala ina majalada yote, ya ardhi hadi ya nidhamu, lakini ukitaka kujua ofisi inahangaika na jambo gani wiki hii, huhesabu majalada yaliyo kabatini, unatazama yaliyotolewa na kurundikwa mezani. Jeni inapofanya kazi hutoa nakala zake, ziitwazo RNA, na kuzipima nakala hizo ndiko kuhesabu majalada yaliyo mezani. Uvimbe wa saratani nao una meza yake. Uvimbe unaojiandaa kusafiri hadi mfupani, kwenye ini au mapafuni huwa umefungua majalada ambayo uvimbe uliotulia umeyafunga. Orodha ya jeni za namna hiyo, pamoja na uzito unaopewa kila moja, ndiyo wanasayansi wanayoiita saini. Mgonjwa akija, uvimbe wake husomwa, hulinganishwa na saini, na daktari huambiwa hatari ya kusambaa ni kubwa au ni ndogo.

Mimi si daktari. Ni mwalimu wa chuo kikuu niliyezaliwa Busawe, pale ambapo Tarime na Serengeti hutazamana kwenye Mto Mara, na ninachoweza kukileta katika mjadala huu ni historia.

Historia hiyo inaanzia upande wa pili wa ziwa. Mwaka 1957 Dakta Hugh Trowell wa Hospitali ya Mulago, Kampala, alimwita daktari mpasuaji Denis Burkitt, Mwairishi aliyepoteza jicho moja tangu utotoni, amtazame mtoto wa miaka kama mitano aliyevimba taya, juu na chini, kushoto na kulia. Burkitt hakuwahi kuona uvimbe unaoshambulia pande zote nne kwa wakati mmoja. Baada ya wiki chache, akiwa Jinja, alichungulia dirishani na kumwona mtoto mwingine mwenye uso wa namna ile ile. Mwaka 1958 akachapisha maelezo yake katika jarida la wapasuaji la Uingereza. Mwishoni mwa 1961 yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari kuukuu aina ya Ford na kusafiri maili 10,000 kwa wiki kumi hivi, kutoka Kampala mpaka Afrika Kusini, wakipita hospitali baada ya hospitali, za serikali na za misheni, wakionyesha picha na kuuliza swali moja: mmepata kuwaona watoto kama hawa?

Majibu yalitoa ramani. Uvimbe ulikuwa wa nchi zenye joto na mvua. Karibu na Ikweta ulitoweka penye mwinuko wa futi kama 5,000, na kadiri mtu alivyokwenda kusini ndivyo mstari huo ulivyoshuka. Ninapenda kuiita ramani hiyo utabiri wa kwanza wa ugonjwa ule. Bila kumgusa mtoto, kwa kujua tu anaishi mwinuko gani na mvua ya kwao ni kiasi gani, ungeweza kusema yuko hatarini au la.

Sasa litazame eneo letu kwa jicho hilo. Ziwa Victoria liko takribani mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Futi 5,000 ni kama mita 1,500. Ukitoka Shirati, ufukweni, ukapanda kuelekea milima ya Tarime, unauvuka mstari wa Burkitt ndani ya safari ya asubuhi moja. Wilaya iliyokuwa ikiitwa Mara Kaskazini, ambayo leo ni Tarime na Rorya, ilikuwa na pande zote mbili za mstari ndani ya mipaka ya utawala mmoja. Tena ilikuwa na Hospitali ya Shirati, iliyotokana na misheni ya Wamenoni waliofika mwaka 1934, na madaktari wake walikuwa na tabia ambayo ni adimu kuliko mashine yoyote: waliandika. Kumbukumbu za wagonjwa wa limfoma ya Burkitt wa Mara Kaskazini kuanzia 1964 hadi 1970, pamoja na mahali walikotoka na wakati walipougua, zilitumiwa katika uchunguzi uliouliza kama ugonjwa huo huzuka kwa mafungu, kijiji hiki mwaka huu na kijiji kile mwaka ujao. Hapakuonekana dalili hiyo. Jibu la hapana nalo ni elimu, na lilitoka Rorya.

Wakati huohuo mambo yalikuwa yakienda mbio kwingineko. Mwaka 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza kuwa wameona kirusi ndani ya seli za uvimbe zilizosafirishwa kwa ndege kutoka Kampala hadi London. Kampala ikapata kituo cha kutibu limfoma mwaka 1967, kikiongozwa na kijana wa Kimarekani, John Ziegler, na ndicho kilichokua kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Hapo ilithibitika kwamba saratani inaweza kurudishwa nyuma kwa dawa peke yake, bila kisu na bila mionzi. Baadhi ya watoto walipewa siklofosfamidi na uvimbe wa taya ukanywea ndani ya siku chache. Mwaka 1972 Burkitt na Ziegler walikuwa miongoni mwa waliopewa tuzo ya Lasker, na pamoja nao Mwafrika mmoja, Anomah Ngu wa Kameruni. Kati ya 1972 na 1974, huko West Nile, Uganda, watafiti wa Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani walichukua damu ya watoto 42,000 wenye afya, wakaihifadhi, wakangoja kuona nani angeugua. Waliougua walikutwa, kwa kurudi kwenye damu yao ya zamani, na kingamwili nyingi zaidi dhidi ya kile kirusi. Utabiri ulikuwa umehama kutoka kwenye ramani ukaingia kwenye damu.

Zamu ya Mara Kaskazini ilifika mwaka 1977. Kwa kuwa ramani ya Burkitt ilifanana mno na ramani ya malaria, shirika lile lile lilitaka kujua: je, malaria ikipunguzwa, limfoma nayo itapungua? Watoto wa chini ya miaka 10 wakagawiwa vidonge vya klorokwini, na kazi hiyo ikaendelea hadi 1982, kupitia vita vya Kagera na ule uhaba wa kila kitu uliofuata. Matokeo yake yanahitaji kusomwa kwa utulivu. Limfoma ilipungua kweli wakati wa mradi, na baada ya mradi ikapanda tena. Lakini kupungua huko kulikuwa kumeanza kabla ya vidonge kufika, na vimelea vya malaria, baada ya kupungua mwanzoni, vilirudi wakati dawa ikiendelea kugawiwa. Watafiti walipochapisha taarifa yao mwaka 1989 hawakuweza kudai kwamba wamethibitisha. Naiheshimu taarifa hiyo kwa kutolazimisha jibu.

Nimewahi kuwauliza wanafunzi wangu wanaotoka Tarime na Rorya kama wamepata kusikia habari za mradi huo. Hakuna hata mmoja. Leo ukitamka maneno North Mara, kila mtu hufikiria mgodi wa dhahabu wa Nyamongo, na hilo ndilo jina tunaloligombania katika mabaraza na mahakamani. Jina hilo hilo lilikuwa limechapishwa katika majarida ya tiba ya ulimwengu miaka 20 na zaidi kabla ya mgodi kufunguliwa, na kilichokuwa kikichimbwa ni kitu kingine.

Tishu zilisafiri. Kutoka Nairobi, Dakta Peter Clifford alikuwa akimpelekea George Klein wa Taasisi ya Karolinska, Stockholm, vipande vya uvimbe wa watoto wa Afrika Mashariki. Kutokana na tishu za namna hiyo yalipatikana mambo makubwa: mwaka 1972 alama isiyo ya kawaida kwenye kromosomu ya 14, na mwaka 1982 ufafanuzi wake, kwamba jeni iitwayo MYC imeng'olewa kutoka kromosomu ya 8 na kubandikwa mahali ambapo swichi huwa imewashwa daima. Kwa mfano wangu wa masijala, ni jalada lililopigiliwa misumari mezani lisiweze kurudishwa kabatini. Seli za baadhi ya watoto hao zilioteshwa katika chupa, na mpaka leo zinaendelea kugawanyika katika maabara za mabara yote. Aina mojawapo inayouzwa duniani kote inaitwa kwa jina la kawaida kabisa katika Kiswahili, jina unaloweza kulisikia likiitwa darasani Nyamwaga asubuhi yoyote. Sitaliandika hapa. Mwenye jina hakuulizwa wakati ule, na sioni kwa nini niwe mtu mwingine wa kutomuuliza.

Halafu ikaja saini. Mwezi Juni 2006 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha kwa pamoja makala mbili kuhusu limfoma ya Burkitt. Moja, ya Sandeep Dave, Louis Staudt na wenzao, ilihusu wagonjwa 303. Nyingine, ya Michael Hummel na wenzake wa Ujerumani, ilichambua uvimbe 220. Swali lilikuwa la vitendo. Limfoma ya Burkitt inataka dawa kali, nyingi, kwa muda mfupi. Jirani yake, limfoma ya seli kubwa, hutibiwa kwa mpango wa wastani zaidi. Chini ya hadubini magonjwa haya mawili huweza kufanana kiasi cha kuwachanganya hata mabingwa. Saini ya jeni iliyatenganisha. Tena ilionyesha wagonjwa waliokuwa wamepewa jina lisilo lao, na kwamba wenye saini ya Burkitt waliotibiwa kwa mpango wa wastani waliishi muda mfupi kuliko wenzao waliopewa dawa kali. Kukosea jina la ugonjwa kulikuwa kumewagharimu maisha.

Sampuli za makala zile mbili zilitoka katika hospitali za Ulaya na Marekani. Ugonjwa uliopatikana Mulago, uliochorewa ramani kwa kupita hospitali za Afrika, uliofuatiliwa Shirati, ulipopata saini yake ulisainiwa na watu wa mbali. Sina nia ya kuwalaumu watafiti wale. Walitumia tishu zilizokuwa zimehifadhiwa vizuri, na tishu zilizohifadhiwa vizuri zilikuwa kwao. Baadaye pengo lilianza kuzibwa. Mradi ulioitwa EMBLEM, kati ya 2010 na 2016, uliandikisha watoto wa Uganda, Kenya na Tanzania, na kwa upande wetu Bugando na Shirati zilishiriki. Mwaka 2019 uchambuzi wa vinasaba uliowahusisha watoto wa Uganda ulionyesha kwamba kinachozitenga limfoma za Burkitt ni kuwapo au kutokuwapo kwa kile kirusi cha Epstein na Barr, zaidi ya bara alilozaliwa mgonjwa. Jambo hilo lisingejulikana kwa tishu za Ujerumani peke yake.

Hata hivyo saini imebadili matibabu ya watu wengi zaidi katika ugonjwa mwingine, saratani ya matiti, na huko ndiko utabiri wa kusambaa ulikopata umaarufu wake. Mwaka 2002 Laura van 't Veer, René Bernards na wenzao wa Amsterdam walichambua uvimbe wa wanawake ambao tezi zao za kwapani zilikuwa hazijaingiliwa, wakapata jeni 70 zilizotenganisha waliokuja kupata saratani ya mbali ndani ya miaka mitano na wasioipata. Mwishoni mwa mwaka huo huo walipima tena kwa wanawake 295. Mwaka 2007 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliruhusu kipimo hicho kiuzwe. Kipimo kingine, cha jeni 21, kilijengwa Marekani.

Kwa nini kulikuwa na haja? Katika nchi tajiri, kufikia miaka ya 1990, wanawake wengi waliogundulika mapema walikuwa wakipewa dawa za kemo baada ya upasuaji kwa hofu tu. Wengi wao wasingerudiwa na ugonjwa hata bila dawa hizo, ila hakuna aliyejua ni akina nani. Walinyonyoka nywele, waliugua moyo, wengine walipoteza uwezo wa kuzaa, ili wachache waliokuwa miongoni mwao waokolewe. Utafiti wa Ulaya uliochapishwa 2016, wenye wanawake 6,693, uliwatazama wale ambao kwa vigezo vya kawaida walihesabiwa kuwa hatarini lakini saini ya jeni 70 ikasema la. Waliokaa bila kemo, asilimia 94.7 walikuwa hai bila saratani kusambaa baada ya miaka mitano. Utafiti wa Marekani wa 2018, wenye wanawake zaidi ya 10,000, ulifikia hitimisho la aina hiyo kwa kipimo cha jeni 21.

Hapa naomba msomaji wangu asimame nami kidogo, maana mjadala wetu wa nyumbani hupotea njia mahali hapa. Umuhimu mkubwa wa saini ya jeni, kwa wenzetu, ni kumwambia daktari nani asipewe dawa. Ni chombo cha kupunguza, kilichobuniwa na jamii iliyokuwa ikitibu kupita kiasi. Nchini kwetu wanawake wengi hufika hospitali uvimbe ukiwa mkubwa na tezi zimekwisha kuingiliwa. Kwao swali la kipimo kile limepitwa na wakati siku wanayoandikishwa. Kuagiza vipimo vya maelfu ya dola, na kupeleka vipande vya nyama California au Amsterdam, ili kujua nani asipewe dawa ambayo hata hivyo haipo dukani, ni kujibu mtihani wa darasa lingine.

Kuna na jambo la pili. Saini hufundishwa kwa watu fulani, na hutabiri vizuri zaidi kwa watu wanaofanana nao. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2021 nchini Marekani ulionyesha kwamba kipimo cha jeni 21 hakikutabiri vifo vya wanawake weusi kwa usahihi ule ule kilioutoa kwa wanawake weupe. Ikiwa ni hivyo kwa weusi wa Marekani, wanaotibiwa katika hospitali za nchi moja na wenzao, mwanamke wa Busawe ana haki ya kuuliza amewakilishwa na nani katika orodha ile.

Na kuna onyo la Duke. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, wakiongozwa na Anil Potti na Joseph Nevins, walitangaza saini ambazo zingemwambia daktari ni dawa gani ya saratani itamfaa mgonjwa yupi. Dunia ilishangilia, na majaribio kwa wagonjwa halisi yakaanza. Watakwimu wawili wa Houston, Keith Baggerly na Kevin Coombes, waliombwa na madaktari wenzao wawaeleze namna ya kutumia saini hizo. Wakakaa na takwimu zilizochapishwa, wakajaribu kurudia hesabu, wakashindwa. Walipochimba waligundua kwamba orodha za jeni zilikuwa zimeteleza mstari mmoja kwenye jedwali, hivyo kila jina limekaa kwenye namba ya jirani yake. Na mahali pengine alama za uvimbe unaosikia dawa na usiosikia zilikuwa zimebadilishana. Yeyote aliyewahi kuona orodha ya mishahara iliyoteleza mstari mmoja anajua maana yake: kila mtu analipwa, na hakuna anayelipwa chake. Waliandika barua, hawakusikilizwa upesi, wakachapisha uchunguzi wao mwaka 2009. Majaribio yalifungwa kabisa mwaka 2010, baada ya kugundulika pia kwamba Potti alidanganya kuhusu tuzo katika wasifu wake. Makala zikaondolewa moja baada ya nyingine.

Ninawasimulia wanafunzi wangu kisa hiki kila mwaka, na hasa wale wanaodhani kuwa kompyuta ikishatoa jibu mjadala umekwisha. Kilichowaokoa wagonjwa wa Duke hakikuwa mashine bora zaidi. Ni watu wawili waliokuwa na takwimu mkononi, elimu ya kuzisoma na ukaidi wa kutonyamaza. Nchi isiyo na watu kama hao hununua saini kama inunuavyo saa ya mkononi, kwa kuamini maandishi ya mbele.

Nieleze sasa mambo yanavyoonekana kutoka chini. Miaka kadhaa iliyopita shangazi yangu alihisi uvimbe kwenye titi. Alikatwa kinyama katika hospitali moja ambayo sitaitaja, nasi familia tukapewa kikopo tukipeleke wenyewe kwenye maabara ya mbali, kwa basi. Jibu lilirudi baada ya wiki saba: sampuli haisomeki, irudiwe. Kinyama kilikuwa kimewekwa kwenye maji ya chumvi. Kilipokatwa cha pili, kwingine, kikahifadhiwa inavyotakiwa na kusomwa, tezi za kwapani zilikuwa zimekwisha kuvimba. Shangazi alikuwa mwanamke wa maneno machache. Aliuliza tu kama kile cha kwanza kingesomeka angekuwa wapi sasa, na hakuna kati yetu aliyemjibu.

Kinyama kinatakiwa kiingie kwenye fomalini ya asilimia 10 ndani ya saa moja tangu kikatwe, fomalini yenyewe iwe kama mara kumi ya ukubwa wake, kikae humo si chini ya saa 6 wala si zaidi ya saa 72. Kikicheleweshwa, nakala za RNA huanza kuvunjika, na hakuna saini itakayosomeka hata ukiipeleka Amsterdam. Kikizidishiwa muda, hata rangi za kawaida za maabara hukosea. Jambo hili halihitaji mtambo. Linahitaji chupa, lebo, saa ya ukutani, muuguzi aliyefundishwa na gari linaloondoka siku inayojulikana.

Zaidi ya hapo kuna habari njema ambayo sijaiona ikijadiliwa vya kutosha. Mwaka 2011 Jack Cuzick na wenzake wa Uingereza walionyesha kwamba vipimo vinne vya rangi juu ya tishu, vinavyotazama vipokezi viwili vya homoni, protini ya HER2 na ile ya kasi ya kugawanyika iitwayo Ki67, vikiunganishwa kwa hesabu vilitabiri kurudi kwa ugonjwa kwa kiwango kinachokaribiana na kipimo cha jeni 21. Vipimo vinne hivyo vinaweza kufanywa na maabara ya patholojia iliyo makini, na hata kimoja peke yake, kile cha kipokezi cha estrojeni, humwambia daktari kama kidonge cha tamoksifeni kina kazi ya kufanya. Tamoksifeni ni dawa ya bei nafuu. Mwanamke anayeinywa bila kipimo anabahatisha, na asiyepewa kwa kukosa kipimo huenda amenyimwa kidonge ambacho kingemzuilia ugonjwa kusambaa.

Kwa hiyo nikiulizwa na rafiki zangu wa wizarani kama Tanzania iingie katika sayansi ya saini za jeni, jibu langu ni ndiyo, kwa kupitia mlango wa patholojia. Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, iliyo katika majengo ya Wajerumani ya 1897 na iliyopata sheria yake mwaka 1996, imefanya kazi kubwa kwa umri wake. Bugando inahudumia Kanda ya Ziwa nzima. Ila macho ya wanasiasa wetu hupenda kukata utepe mbele ya mtambo unaong'aa, na wataalamu wa patholojia, ambao bila wao mtambo huo haujui unaelekezwa wapi, hawapigwi picha. Tuwasomeshe wengi zaidi, na pamoja nao watakwimu wa biolojia.

Kisha kuna suala la umiliki. Mradi wa klorokwini ulipoanza, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ilikuwa haijazaliwa. Sheria yake ni ya 1979. Leo inakagua utafiti na mikataba ya kusafirisha sampuli, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu taarifa za kijenetiki kuwa nyeti. Wanaharakati walio mahiri katika mikataba ya madini wajifunze kusoma na hii pia: sampuli inakwenda wapi, inakaa miaka mingapi, nani anaruhusiwa kuisoma upya, mtafiti wetu ametajwa kama mwandishi au kama msambazaji wa vikopo, na kipimo kikipatikana kitauzwa kwetu kwa bei gani. Damu na tishu za miaka ya 1960 na 1970 ziliondoka bila maswali hayo. Nashauri Mkoa wa Mara uanze kwa kuomba rasmi nakala za kumbukumbu zote za utafiti wa Shirati na Mara Kaskazini, ziwekwe Musoma mahali ambapo mwanafunzi anaweza kuzisoma bila kuomba viza.

Bima ya afya kwa wote ina sheria tangu 2023, na halmashauri zinaendelea kupanga bajeti zao. Ya Serengeti na ya Tarime zikiwekwa hadharani, nitafungua kurasa za afya na kutafuta kitu kimoja kwanza: fungu la fomalini, na gari la kupeleka vinyama Mwanza.